Msiwaite waoga madereva wa langalanga, hewa ya gari ya mbele ndiyo inawazuia kupita

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Malaba, upande wa Uganda. Mimi ni dereva wa trela, gazeti lenu nalipata kwa wauzaji wa pale mpakani nikiwa nangoja makaratasi ya mzigo, na huwa naanza na ukurasa wa michezo kabla ya hizo habari zingine zote. Sasa juzi mwandishi wenu wa safu ya michezo aliandika kuhusu mbio za magari za langalanga, yaani Formula 1, akasema madereva wa siku hizi ni waoga, ati wanalipwa pesa nyingi halafu wanafuatana tu mzunguko baada ya mzunguko, sekunde 1 ama 2 nyuma ya mwenzao, hakuna anayethubutu kupita, na kwamba zamani ndio kulikuwa na wanaume. Nilisoma, nikampa taniboi wangu naye asome, tukabishana mpaka foleni ikasonga bila sisi na wenzetu wakaanza kutupigia honi. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, maana hayo aliyoandika ndiyo watu wanasema kila Jumapili kwenye vibanda vya video, na si kweli.

Kitu cha kwanza, ile gari inategemea hewa kama inavyotegemea injini. Ndege ikiondoka Entebbe bawa lake linasukuma hewa chini, yenyewe inapanda juu. Gari ya langalanga bawa lake limegeuzwa, hewa inarushwa juu, gari inagandamizwa kwenye lami. Huo mgandamizo ndio unaiwezesha gari ya kilo 800 kupita kona kwa spidi ambayo gari yetu ya kawaida ingeishia kwenye shamba la miwa. Na hauongezeki kidogo kidogo, ukizidisha spidi mara 2 wenyewe unazidi mara 4, kwa hivyo kwenye kona ya polepole hausaidii sana, lakini kwenye kona ya kasi ndio umebeba karibu kila kitu.

Sasa hiyo hewa iliyorushwa inaenda wapi? Inabaki nyuma imevurugika, inajizungusha, imepungua nguvu, na nyingine inaburutwa inaifuata gari. Siku ya unyevunyevu unaona kwenye TV uzi mweupe unatoka kwenye ncha za bawa la nyuma unajisokota, hiyo ndiyo sehemu ndogo tu inayoonekana. Tairi nazo ziko wazi, hazijafunikwa kama zetu, zinapiga hewa huku na huku. Mwenzake anayefuata anaingia humo humo, na bawa lake la mbele lilichorwa likutane na hewa iliyotulia inayokuja moja kwa moja, sasa linaletewa hewa iliyochoka, inayokuja kwa pembe ambazo mchoraji hakuzitegemea.

Wenye mbio wenyewe walitoa hesabu walipokuwa wanaandaa magari mapya ya 2022. Wakasema gari ya mtindo wa 2021 ikiwa mita 20 nyuma ya nyingine inapoteza kama asilimia 35 ya mgandamizo wake, na ikisogea hadi mita 10 inapoteza asilimia 46. Mita 20 ni urefu wa trela langu na kichwa chake na bado inabaki nafasi kidogo ya kusimama bodaboda. Sasa fikiria mtu anaingia kona ya kilomita 200 na kitu kwa saa, na karibu nusu ya kinachoishikilia gari yake barabarani kimechukuliwa, halafu wewe umekaa kwenye benchi na soda yako unasema huyu mwoga.

Tuangalie kona moja tu, kona ya tatu pale Barcelona, ile ndefu ya kulia inayozunguka mpaka unafikiri haitaisha. Wa mbele anaingia kwenye hewa safi, gari imekaa chini, mguu uko kwenye mafuta. Wa nyuma anakata usukani na pua haiji. Anaongeza usukani, bado haiji, gari inateleza kwenda nje, anaachia mafuta kidogo, anangoja pua imsikilize, ndio anakanyaga tena. Hapo pengo lililokuwa nusu sekunde limekuwa sekunde nzima na zaidi, na akifika kwenye barabara nyoofu mahali pa kupita yuko mbali sana hata kujaribu hawezi. Mzunguko unaofuata anajivuta tena mpaka karibu, kona ya tatu inamrudisha tena nyuma. Mtu akitazama kwa kamera za juu haoni chochote, anaona magari mawili yanafuatana. Ukitazama ile kamera iliyofungwa kwenye gari ya nyuma unaona mikono ya dereva inavyohangaika, usukani unaenda, unarudi, unaongezwa katikati ya kona, na wa mbele amekata mara moja akatulia.

Halafu kuna tairi, na hapa ndipo nafikiri mwandishi wenu hakufika kabisa. Tairi ikiteleza inapata moto, ile raba ya juu inapita joto lake, inapunguza kushika, gari inateleza zaidi, joto linapanda zaidi, na ukiendelea hivyo mizunguko kadhaa umemaliza tairi kwa kumfuata mtu ambaye hata hukumpita. Injini nayo na breki zinapumua hewa ya moto iliyotoka kwa mwenzako, mainjinia wanaanza kupiga kelele kwenye redio. Kwa hivyo dereva mwenye akili anafanya nini? Anarudi nyuma kama sekunde 2, anatuliza tairi, anatuliza injini, kwenye nyoofu saa zingine unamwona anatoka pembeni kidogo ili redieta ipate hewa safi, halafu timu inamwita piti, pale pa kubadilishia tairi, mapema, anavaa tairi mpya, anapiga mzunguko mmoja wa moto akiwa peke yake na jamaa akija kuingia piti baadaye anatoka akiwa nyuma yake. Amempita bila kugusana. Mwandishi wenu anaita hiyo woga, mimi naita hesabu, na hata sisi wa mizigo anayefika Kampala na tairi zake zote ndiye dereva.

Hii hewa sisi wa trela tunaijua vizuri kwa sababu sisi ndio gari ya mbele. Barabara ya Jinja, ndani ya msitu wa Mabira, utakuta Probox imeganda nyuma ya kontena karibu kabisa, kwenye vioo vya pembeni huioni, usiku unajua iko hapo kwa sababu tu taa zake zinapiga kwenye miti. Nyuma ya mlango wa kontena pana shimo la hewa, presha iko chini, ndio maana unaona majani makavu na karatasi zinanifuata badala ya kubaki barabarani. Probox ikitulia humo inavutwa, inakula mafuta kidogo, dereva anafikiri injini yake imekuwa nzuri ghafla. Sasa akitoka kando anipite anakutana na upepo unaojipinda kwenye kona ya kontena na unaona gari nzima inatikisika, na ikiwa ni boda ndio mbaya zaidi, inasukumwa kwanza halafu inavutwa. (Na jamani hapo niseme, acheni huo mchezo. Hatuwaoni. Nikishika breki kwa sababu ya ng'ombe wewe utaingia chini ya kontena kabla hujajua kuna ng'ombe.)

Kwenye langalanga ni mambo yale yale, ile hewa moja ina kazi mbili. Kwenye nyoofu inamsaidia wa nyuma kwa sababu wa mbele amemkatia upepo, anapata spidi ya bure. Kwenye kona inamponza. Zamani kusaidiwa kulikuwa kukubwa na kuponzwa kulikuwa kudogo, siku hizi imegeuka, na ndio jibu lote la ile habari ya wanaume wa zamani.

Maana huwezi kutaja zamani bila kutaja mbio za uwanja wa Monza, Italia, 1971. Peter Gethin alishinda kwa tofauti ya 0.01 ya sekunde, Ronnie Peterson akiwa wa pili, na watu 5 wa kwanza wote walivuka mstari ndani ya sekunde 0.61. Raha tupu, nakubali. Lakini magari ya wakati ule mgandamizo wake ulikuwa mdogo, na Monza ilikuwa nyoofu ndefu na kona za kasi, zile kona za kuvunja spidi hazikuwepo, ziliwekwa 1972. Kwa hivyo ukiwa nyuma unavutwa, unampita, yeye sasa yuko nyuma yako anavutwa, anakupita. Aliyekuwa mbele ndiye alikuwa na shida! Wale walikuwa mashujaa kwa sababu magari yao yalikuwa yanaua, hilo sibishi, lakini kupita kwenyewe hewa ilikuwa upande wao.

Na kama mwandishi bado anafikiri ni moyo wa mtu, basi amchukue Michael Schumacher. Imola 2005, Fernando Alonso yuko mbele na Renault, Schumacher anatoka nyuma na Ferrari ambayo siku ile ilikuwa na kasi zaidi waziwazi, anamfikia zikiwa zimebaki lapu nyingi tu, anamganda, anaonyesha pua kushoto, anaonyesha kulia, hapiti. Wakamaliza hivyo hivyo, tofauti 0.215 ya sekunde. Mwaka uliofuata, 2006, uwanja ule ule, wamebadilishana nafasi, Schumacher mbele na Alonso ndiye mwenye kasi nyuma. Akapita? Wapi. Schumacher akashinda. Watu wale wale wawili, mabingwa wa dunia wote, mmoja alikuwa na mataji 7, na kila mmoja alipokuwa nyuma alikwama. Sasa tuambiwe nani kati yao alikuwa mwoga, na huo woga ulihamaje kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya mwaka mmoja.

Ile iliyoniuma mimi zaidi ni Abu Dhabi, Novemba 2010, kwa sababu nilikuwa wa Alonso. Anafika mbio za mwisho akiongoza kwa pointi 8 mbele ya Mark Webber na 15 mbele ya Sebastian Vettel. Ferrari wakamwangalia Webber peke yake, Webber alipoingia piti mapema nao wakamwingiza Alonso ili wamfunike, na akatoka nyuma ya Vitaly Petrov wa Renault, ambaye alikuwa ameshabadilisha tairi mwanzoni kabisa wakati gari ya usalama, ile inayowapunguza wote mwendo, iko barabarani, kwa hivyo hana haja ya kusimama tena. Basi ikawa hivyo. Karibu mizunguko 40 bingwa wa dunia mara mbili anaangalia mgongo wa kijana aliyekuwa kwenye msimu wake wa kwanza. Kona zinamwondoa, nyoofu zinamrudisha lakini ile Renault nayo ilikuwa na spidi kwenye nyoofu, haiwezi kufikiwa kabla ya breki. Petrov akamaliza wa 6, Alonso wa 7, Vettel akashinda mbio na ubingwa, pointi 256 kwa 252. Alonso alimrushia Petrov mkono baada ya kumaliza. Nilimwelewa ila Petrov hakuwa amefanya kosa lolote, aliendesha tu gari yake bila kuteleza, hewa ikamfanyia kazi iliyobaki.

Tena cha kuangalia ni kwamba uwanja wenyewe ulikuja kukubali. 2021 pale Yas Marina walibomoa ile kona ya kuvunja spidi iliyokuwa kabla ya kona kali ya kugeuka nyuma, na kule upande wa marina wakatoa zile kona za pembe pembe wakaweka moja ndefu yenye lami iliyoinama. Mtu habomoi lami kwa sababu ya woga wa madereva.

Watu wamejaribu dawa nyingi. 2009 walipanua bawa la mbele hadi mita 1.8, wakaliinua la nyuma na kulipunguza upana, baada ya kamati ya mainjinia kukaa na kupima hii hewa kweli kweli. Ingefanya kazi, ila timu za Brawn, Toyota na Williams wakaona mwanya kwenye kanuni wakaweka difyuza, yaani ile njia ya kutolea hewa ya chini ya gari, ya ghorofa mbili chini nyuma, mgandamizo ukarudi, hewa ikavurugika tena, na Jenson Button wa Brawn akachukua ubingwa. 2011 ikaja DRS, yaani ukiwa ndani ya sekunde 1 nyuma ya mwenzako unaruhusiwa kufungua bawa la nyuma kwenye nyoofu ili upate spidi. Mimi sijawahi kuipenda. Inatibu homa na malaria inabaki, kwenye kona bado unateseka vile vile, halafu kwenye nyoofu unapewa zawadi na yule wa mbele hana la kufanya ila kukusindikiza kwa macho. Siku sehemu ya kuifungua ilipokuwa ndefu sana kupita kulikuwa kwa bure, siku ilipokuwa fupi ikatokea foleni, wa pili ana DRS ya kumfikia wa kwanza, wa tatu ana DRS ya kumfikia wa pili, wote wako sawa hakuna anayepita. Hiyo foleni ndiyo mwandishi wenu aliiona akaita woga!

2022 ndiyo niliona akili. Walichofanya ni kuhamisha kazi kutoka kwenye mabawa kwenda chini ya gari, sakafu ikawa na njia mbili kubwa zinazonyonya gari chini, bawa la mbele likarahisishwa, tairi zikawekewa vifuniko, na la nyuma likachorwa hewa iliyovurugika irushwe juu sana ipite juu ya anayefuata. Hesabu yao ikawa kwamba kwa mita 20 hasara inashuka hadi asilimia 4, kwa mita 10 asilimia 18. Na mwaka wa kwanza kweli ulionekana, watu walikuwa wanafuatana kona baada ya kona, wanapitana, aliyepitwa anarudisha.

Halafu ikaharibika. Kila mwaka timu zikawa zinapata vijibawa na vipembe vya kusukuma hewa ya tairi za mbele kwenda nje, kwa sababu kwa gari yako wewe hiyo ni faida, inasafisha njia ya hewa inayoenda kwenye sakafu. Kwa anayekufuata ni balaa, maana hewa iliyosukumwa nje inarudi ndani mbele ya uso wake. Hata wakuu wa FIA, wale wenye kanuni za mbio, walikuja kusema wazi kwamba kufuata kumekuwa kugumu tena na kwamba mianya kwenye bawa la mbele na pembeni mwa sakafu ndiyo ilipitisha hiyo. Na mimi siwalaumu mainjinia. Injinia analipwa ili gari yake iwe na kasi, hakuna timu duniani inayomlipa mtu amwachie jirani hewa nzuri, na kwa siri wakipata namna ya kuiharibu zaidi watashukuru. Ndio maana hili jambo haliwezi kuachiwa timu, ni la mwenye kanuni, na mwenye kanuni akilala miaka 2 wameshampita.

Kanuni za 2026 zimeitupa DRS. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma yote yanajifungua kwenye nyoofu zilizopangwa, kwa kila mtu, awe anafuata ama anaongoza, na msaada wa kupita umekuwa wa umeme, ukiwa ndani ya sekunde 1 unapata nguvu ya betri ya ziada. Magari yamepunguzwa upana kutoka mita 2 hadi 1.9 na uzito wa chini umeshuka kama kilo 30, na pembeni nyuma ya tairi za mbele kuna vibao vya kuirudisha ile hewa ya tairi ndani badala ya kuiachia itoke nje. Napenda hiyo ya vibao kuliko hiyo ya betri. Betri bado ni zawadi.

Kwa vile nusu ya wasomaji wenu Uganda ni watu wa boda, niwaambie hata kwenye MotoGP, mbio za pikipiki, hewa hii iko. Tangu Ducati waanzishe vijibawa kama miaka 10 iliyopita na wengine wakafuata, anayefuata karibu tairi yake ya mbele inakosa upepo wa kuipoza, joto linapanda, presha inapanda, na akishika breki kwa nguvu mbele inateleza. Na kuna kanuni ya presha ya chini kabisa, ukishuka chini yake unaadhibiwa. Sasa tazama Marc Marquez pale Thailand, Machi 2025. Anaongoza peke yake, hewa safi inaipoza tairi, presha inashuka mahali pabaya, akaamua kumwachia mdogo wake Alex apite makusudi, akakaa nyuma yake kwenye hewa ya moto lapu baada ya lapu mpaka presha ikapanda, halafu karibu na mwisho akampita akashinda. Nilicheka sana siku ile. Wengine wanakimbia hiyo hewa, yeye aliitumia kama jiko.

Mbio za rali hapa kwetu ziliamua kutojisumbua. Kwenye Pearl of Africa Rally huwa hamfuatani, kila gari inaachiliwa kivyake baada ya muda ili vumbi la mwenzake litue, na aliyewahi kusimama kando ya murram akaona gari inapita halafu dunia inapotea anajua kwa nini. Ukimfikia wa mbele ndani ya vumbi lake unapunguza mwendo kwa sababu huoni, na hakuna mtu Uganda aliyewahi kumwita dereva wa rali mwoga kwa hilo. Kwenye langalanga vumbi lipo, ila halina rangi.

Kilichonifanya niandike na si kubishana na taniboi tu ni Kigali. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza pale pale Kigali kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za langalanga, na Afrika Kusini nao wanazitaka zirudi uwanja wao wa Kyalami, ambako zilikuwa mara ya mwisho 1993, tangu hapo Afrika hatujaona hata moja. Mimi nikipeleka mzigo Kigali napitia mpaka wa Katuna, nchi nzima ni vilima na kona, na uwanja unatajwa upande wa Bugesera karibu na uwanja mpya wa ndege. Huko ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Si kama Mexico, ambako ni zaidi ya mita 2,200 na timu zinafunga mabawa makubwa kabisa na bado zinapata mgandamizo mdogo kwa sababu hewa ni nyembamba, lakini mwelekeo ni ule ule. Hewa nyembamba haipozi vizuri. Ukimfuata mtu Mexico breki na injini zinachemka haraka, dereva analazimika kurudi nyuma hata kama tairi bado ziko sawa. Bugesera shida itakuwa ndogo kuliko hiyo, lakini itakuwepo, na uwanja ukichorwa vibaya watu watalipa tikiti waje waangalie foleni, kisha nyinyi mtaandika tena kwamba ni woga.

Uwanja wa kupitana unajulikana. Unataka nyoofu ndefu inayoishia kwenye kona ya breki kali, hilo kila mtu anasema. Lisilosemwa ni kona ya kabla ya nyoofu. Ikiwa ni ya kasi, wa nyuma ananyang'anywa mgandamizo hapo hapo na anaingia nyoofu akiwa mbali, hata iwe na urefu wa kutoka hapa hadi Tororo. Ikiwa ni ya polepole, hewa haina kazi kubwa pale, anatoka ameganda nyuma ya mwenzake na nyoofu inamvuta. Na lami iwe pana mahali pa breki, ili kuwe na njia mbili za kuingia kona.

Kwa hivyo mwandishi wenu akipata nafasi ya kwenda Kigali, badala ya kuhesabu nani ana moyo na nani hana, awaulize wenye mchoro hiyo kona ya mwisho kabla ya nyoofu inapitwa kwa spidi gani. Wakimjibu kwa namba, aichapishe, sisi wa foleni ya Malaba tutaisoma.

Ni mimi msomaji wenu,
Dereva wa trela,
Malaba, Uganda